Marejesho ya kodi yamekuja pungufu: tafuta kwanza pengo liko wapi

Kuanzia wiki ya mwisho ya Februari simu yangu haipumziki. Huo ndio msimu ambao IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, huachia marejesho ya wazazi wenye kipato kidogo hapa Marekani, maana sheria hairuhusu yatoke kabla ya katikati ya mwezi huo. Anayepiga huwa keshamwahidi fundi mabati huko nyumbani, au keshamwambia mdogo wake asihangaike na ada. Anaamka asubuhi, anafungua simu, benki imeingiza dola 4,100 badala ya 6,400. "Kaka, wamenikata. Nifanyeje?"

Msimu wa kodi huwa najitolea Jumamosi kwenye meza za VITA, mpango unaowajazia watu fomu bila malipo. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kumkamata mtu asiyehusika. Mtu anagombana na aliyemjazia fomu, kumbe pesa imekwenda kulipa deni la matunzo ya mtoto. Mwingine anashinda saa mbili kwenye simu akiwasubiri IRS, kumbe IRS walituma kila senti na pesa imebaki njiani. Kwa hiyo usimpigie mtu yeyote kwanza. Chukua karatasi.

Hatua ya kwanza: andika namba nne

Namba ya kwanza ni ile uliyoitarajia, na pembeni yake uandike uliitoa wapi: ni ya mwaka jana, ni ya jirani, au aliyekujazia fomu alikutajia?

Namba ya pili iko kwenye nakala ya fomu 1040, ile fomu kuu ya kodi ya mapato, ukurasa wa pili, mstari wa 35a. Hicho ndicho kiasi ulichoomba urudishiwe. Kama hukupewa nakala, rudi ukaidai leo. Ni haki yako, na kila anayelipwa kujaza fomu za watu anatakiwa aisaini na kuandika PTIN, namba yake ya utambulisho anayopewa na IRS. Fomu isiyo na saini yake ni dalili mbaya kabla hata hujafika kwenye hesabu.

Namba ya tatu ni kiasi ambacho IRS walituma. Ingia IRS.gov, ukurasa wa Where's My Refund. Utaulizwa namba yako ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security), hali yako ya ndoa kama ulivyoijaza kwenye fomu, na kiasi kamili cha mstari wa 35a. Njia iliyo bora zaidi ni kufungua akaunti yako hapo hapo IRS.gov na kupakua taarifa ya akaunti, wanayoiita Account Transcript, ya mwaka unaohusika. Nitaieleza hapa chini.

Namba ya nne ni iliyoingia benki.

Sasa zitazame mbili mbili. Kama pengo liko kati ya ya kwanza na ya pili, hakuna aliyekukata. Ni hesabu ya mwaka huu iliyobadilika. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, IRS wamerekebisha fomu yako au kuna deni limelipwa. Likiwa kati ya ya tatu na ya nne, hakikisha kwanza hakuna deni lililokatwa njiani, kisha muulize aliyekujazia fomu, au benki. Jambo moja la haraka: jimbo lina kodi yake na marejesho yake, na huja siku tofauti. Wapo wanaojumlisha ya IRS na ya jimbo kichwani, yakifika ya kwanza wanadhani yamekatwa.

Pengo kati ya matarajio na fomu

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na ndipo maumivu yanapokuwa makubwa, kwa sababu hakuna wa kumdai. Ila kuna sababu, na ukiijua mwaka huu haitakushtua mwakani.

Ya kwanza ni mtoto kufikisha miaka 17. Nafuu ya kodi ya mtoto kwa mwaka 2025 ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto ambaye tarehe 31 Desemba alikuwa hajafikisha 17. Akishafikisha, hata kama birthday yake ni tarehe 30 Desemba, anahamia kwenye nafuu ya wategemezi wengine, ambayo ni dola 500. Na hizo 500 hupunguza tu kodi unayodaiwa, hazigeuki kuwa pesa ya mkononi. Mtoto ni yule yule, anakula zaidi ya mwaka jana, na marejesho yamepungua kwa dola 1,700 au zaidi. Mzazi akiniambia "lakini bado yuko shule", namwelewa kabisa. Kwa EITC, nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo, bado anahesabika hadi kabla ya miaka 19, au 24 kama anasoma muda wote, kwa hiyo hakikisha hakuondolewa kabisa kwenye fomu.

Tukiwa hapo, neno moja kuhusu lugha. Wapo wanaotafsiri nafuu hizi kuwa "mkopo wa kodi". Nimekutana na mama aliyekataa kuomba EITC miaka miwili mfululizo kwa sababu aliogopa kuja kudaiwa mkopo. Si mkopo. Ukistahili, ni yako.

Ya pili ni kuongeza saa za kazi. EITC hupanda kipato kikiwa kidogo, hufika kileleni, kisha huanza kushuka kadiri unavyopata zaidi. Kwa mwenye watoto wawili au zaidi, akishavuka kilele, kila dola 100 anazoongeza humpunguzia EITC kama dola 21. Chukua mama mwenye watoto wawili aliyepata 30,000 mwaka juzi, mwaka jana akakubali ovataimu za ghala akafikisha 36,000. EITC yake imepungua kwa dola 1,260 hivi, hata kama sheria yenyewe haikubadilika. Hakuharibu kitu, amepata 6,000 na kupoteza sehemu yake. Lakini kama hakuna aliyemweleza, anaona kama ameadhibiwa kwa kufanya kazi.

Ya tatu, kazi mbili. Kila mwajiri hukata kodi kana kwamba yeye ndiye mwajiri wako pekee, kwa hiyo kile kiasi cha mwanzo kisichotozwa kodi, ambacho kwa mtu asiye na ndoa ni dola 15,750 kwa mwaka 2025, kinahesabiwa mara mbili. Wakati wa kujaza fomu kinahesabiwa mara moja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mume na mke wanaojaza pamoja na wote wanafanya kazi.

Ya nne, kazi isiyo ya W-2, ile karatasi ya mshahara na makato ambayo mwajiri hutoa kila mwaka. Anayeendesha gari la abiria kwa programu ya simu, anayesambaza vyakula, na hata dereva wa lori anayelipwa kwa 1099 (karatasi ya malipo ya anayejitegemea), hakatwi chochote njiani. Mwisho wa mwaka anadaiwa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3 ya karibu faida yote. Ukibakiwa na faida ya dola 10,000 baada ya kutoa gharama, hiyo peke yake ni kama dola 1,413, na inatolewa kwenye marejesho ya ile kazi nyingine. Gharama ndizo zinazookoa hapa. Kama hukuandika maili za gari, anza leo, daftari la shule linatosha.

Halafu kuna kosa la kusoma W-2 yenyewe. Tuiweke mezani. Kisanduku cha 1 kinasema 36,000. Cha 2 kinasema 1,850, hiyo ndiyo kodi ya mapato iliyokatwa. Cha 4 kinasema 2,232, cha 6 kinasema 522. Mtu anajumlisha 1,850 na 2,232 na 522, anajiambia nimelipa 4,604, nirudishiwe. Hapana. Cha 4 ni Social Security na cha 6 ni Medicare. Hizo zimekwenda kwenye uzee wako na matibabu yako ya baadaye, hazirudi na fomu 1040. Kinachoweza kurudi ni cha 2, pamoja na nafuu unazostahili.

Na la mwisho, linalowahusu hasa wanaotuma pesa nyumbani. Mama yako aliyeko Kigoma, wadogo zako waliobaki kambini Nyarugusu, hata kama wanakutegemea kwa kila tonge, hawawezi kuwekwa kama wategemezi kwenye fomu, isipokuwa awe raia au mkaazi wa Marekani kwa macho ya sheria ya kodi, au mkaazi wa Kanada au Mexico. Pesa unazotuma nazo hazipunguzi kodi. Najua inauma. Lakini kama mwaka jana kuna mtu aliwaweka, akakutolea marejesho manono, na mwaka huu mwingine akakataa, huyu wa pili ndiye aliyekutendea haki. Yale ya mwaka jana yanaweza kudaiwa.

Pengo kati ya fomu na kilichotumwa

Hapa fungua ile taarifa ya akaunti. Ina misimbo ya namba tatu tatu, usiiogope. 806 ni kodi iliyokatwa kwenye mshahara. 766 ni nafuu za kodi. 768 ni EITC. 846 ni pesa iliyotumwa, na tarehe yake iko pembeni. Ukiona 826, sehemu ya marejesho imehamishiwa kwenye deni lako la kodi la mwaka mwingine. Ukiona 898, imekwenda kulipa deni lisilo la IRS. Kama hizo mbili hazipo na bado kiasi ni pungufu, IRS wamerekebisha fomu yenyewe.

Marekebisho huja na barua ya posta, na mara nyingi pesa hufika kabla ya barua. Ya kawaida ni CP12. Namba yake imeandikwa pembeni, juu kulia au chini kulia. Isome ukiwa na fomu yako mkononi, mstari kwa mstari: hapa uliandika hivi, sisi tumeweka hivi. Kwa jamii yetu sababu inayojirudia ni jina. IRS hulinganisha herufi 4 za mwanzo za jina la mwisho na namba ya Social Security. Sasa mtoto aliyezaliwa Uvira, Kongo, ana majina matatu, hakuna hata moja la ukoo kwa mtindo wa hapa. Kadi yake imeandikwa kwa mpangilio mmoja, fomu ikaandikwa kwa mwingine. Majina hayalingani na namba, mtoto anaondolewa, na nafuu yake inaondoka naye. Toa kadi za watoto wote, zitandaze mezani, linganisha herufi kwa herufi. Kama kosa liko kwenye fomu, una la kuwajibu IRS. Kama kadi yenyewe ndiyo imekosewa, anzia ofisi ya Social Security.

Kama unakubaliana na barua, huhitaji kujibu. Rekebisha nakala yako uiweke. Kama hukubaliani, una siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Siku hizo ni mali. Ukiomba ndani yake kwamba marekebisho yaondolewe, IRS wanapaswa kuyaondoa, na wakitaka kuendelea nayo wafuate utaratibu kamili, ambao unakupa nafasi ya kwenda mahakama ya kodi kabla ya kulipa. Zikipita, mlango huo unafungwa na unabaki na njia ndefu ya kudai marejesho upya. Piga namba iliyo kwenye barua au andika. Ukiandika, taja namba ya barua, mwaka wa kodi, useme wazi kwamba hukubaliani na unaomba yaondolewe, weka nakala za ushahidi na kamwe usitume kadi au hati halisi. Ipeleke kwa posta ya kusajiliwa, utunze risiti.

Kama ni 898, IRS hawana jibu lako. Pesa imepita kwenye mpango wa hazina uitwao Treasury Offset Program, unaoshika marejesho ili kulipa matunzo ya mtoto yaliyolimbikizwa, mikopo ya serikali kuu iliyoshindwa kulipwa, kodi za jimbo, au malipo ya kukosa kazi yaliyochukuliwa kwa udanganyifu au kwa kutotaja kipato. Piga 800-304-3107, ni mashine, itakuuliza namba yako na kukutajia idara iliyopokea pesa. Ukishaijua, ongea na idara hiyo. Deni likiwa si lako, au umeshalimaliza, wao ndio wenye uwezo wa kurudisha.

Jambo hili liwafikie akina mama hasa, ingawa huwapata wanaume pia. Kama mlijaza fomu pamoja na mwenzako, na pesa yote imekwenda kulipa deni lake la kabla ya ndoa, sehemu yako inadaiwa kwa fomu 8379. Ikitumwa peke yake baada ya fomu kushughulikiwa, huchukua kama wiki 8. Mkijua mapema kwamba deni lipo, itumeni pamoja na 1040 mwakani. Nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo hili, dada amefanya kazi mwaka mzima na hakuona hata dola moja, wala hakuna aliyemwambia kwamba fomu hiyo ipo.

Bima ya afya yenye ruzuku, iliyonunuliwa kwenye soko la bima la serikali (Marketplace), nayo huleta mshangao. Ukipata kipato zaidi ya ulichowaambia, ruzuku ya ziada inatakiwa irudishwe kupitia fomu 8962, kwa kutumia karatasi ya 1095-A unayotumiwa na soko hilo. Mpaka kodi ya mwaka 2025 kuna kikomo cha kurudisha kwa wenye kipato cha chini. Kuanzia mwaka 2026 kikomo hicho kimeondolewa, kwa hiyo kipato kikipanda mwaka huu waarifu mapema wapunguze ruzuku.

Pengo kati ya kilichotumwa na kilichofika

Hili lilinipata mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili hapa. Fomu ilisema 6,412. IRS walisema wametuma 6,412. Benki ilipokea 5,873. Nilikaa na hiyo 539 kichwani siku tatu, nikiamini serikali imenionea. Mwishowe nikarudi kusoma karatasi nilizosaini kwenye ofisi iliyonijazia: 450 za kujaza, 49 za benki ya kati, 40 za kutuma fomu. Nilikuwa nimeulizwa tu, "Ulipe sasa au itoke kwenye marejesho?" Nikajibu itoke. Kumbe jibu hilo lilimaanisha marejesho yangu yaende kwanza kwenye benki nyingine, wajikate, ndipo yaje kwangu, na huduma hiyo nayo inalipiwa.

Kwa hiyo tafuta karatasi ya ada kwenye bahasha uliyopewa. Kama ulichukua pesa ya mapema mwezi Januari, huo ulikuwa mkopo, nao umekatwa hapo. Ukikuta ada hukuambiwa, dai maelezo kwa maandishi. Na kama namba ya akaunti kwenye mistari ya 35b na 35d si yako wala si ya benki ya kati uliyokubali, au fomu iliyopelekwa si ile uliyosaini, hilo ni kosa kubwa. Jaza fomu za malalamiko 14157 pamoja na 14157-A, uwapelekee IRS.

Ukishajua pengo liko wapi

Pesa iliyokuja, itumie. Kupokea kiasi pungufu hakukupotezei haki ya kudai kilichobaki.

Ukigundua wewe mwenyewe ulisahau kitu, kwa mfano W-2 ya kazi ya miezi miwili au mtoto aliyezaliwa Novemba, unarekebisha kwa fomu 1040-X. Una miaka 3 tangu ulipopeleka fomu ya kwanza. Subiri kwanza marejesho ya awali yafike ndipo uipeleke. Lakini kama IRS wameshalirekebisha kosa hilo kwa barua, usipeleke 1040-X juu yake, mtazichanganya.

Ukipiga IRS, 800-829-1040, piga asubuhi mapema, uwe na fomu, barua na kitambulisho mezani. Mtu akipokea, kabla ya jambo lolote mwambie neno moja: "Swahili". Wana wakalimani wa simu na hulipi kitu. Usimweke mtoto wa miaka 12 akutafsirie mambo ya siku 60 na mahakama ya kodi. Barua zenyewe hawaziandiki kwa Kiswahili, ila Kifaransa na Kiarabu zimo kwenye lugha wanazotumia, na ndugu zangu wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa wanaweza kuomba kwa karatasi iitwayo Schedule LEP.

Wa kukusaidia bure wapo. VITA, 800-906-9887, watakuangalizia fomu msimu wa kodi. Ukiwa na barua unayotaka kuipinga, tafuta kliniki ya kodi ya watu wa kipato cha chini, LITC. Nyingi ziko chini ya vyuo vya sheria na ofisi za msaada wa kisheria, na wanaweza kukuwakilisha. Na kama kuchelewa kwa pesa kunakufanya ushindwe kodi ya nyumba au umeme ukatwe, piga Taxpayer Advocate, ofisi ya kuwatetea walipa kodi iliyo ndani ya IRS, 877-777-4778, uombe msaada kwa fomu 911. Waambie tarehe ya notisi ya kufukuzwa nyumba. Tarehe hiyo ndiyo inayoonyesha shida yako ni ya haraka.

Kisha, kabla mwezi haujaisha, nenda kwa mtu wa rasilimali watu kazini uombe W-4 mpya, fomu inayomwelekeza mwajiri akukate kodi kiasi gani. Kama una kazi mbili, jaza hatua ya 2. Kama mtoto amefikisha 17, badilisha hatua ya 3, maana ile nafuu ya mtoto bado inahesabiwa, kidogo kidogo, kwenye kila mshahara unaolipwa. Na fundi wa mabati, mwambie akusubiri mpaka uione 846 na tarehe yake.